Kivuli Shavuni mwa Raja

Raja Hamir Dhar alikifunua kitambaa kilichofunika picha, akaitazama sura yake mwenyewe, na asiseme neno. Hapo ndipo Lehnu mchoraji alipoacha kuitazama picha, akamtazama yeye.

Alikuwa amesimama mbele ya zulia la baraza, viganja vimekutana kifuani, nyayo tupu juu ya jiwe la baridi. Picha ile ilikuwa imemla majira mazima. Raja, kijana ambaye masharubu ndiyo kwanza yalikuwa yanakolea, alikuwa akimkalia kwenye roshani ya mashariki mapema asubuhi, kabla watu wa ikulu hawajaamka vizuri, na Lehnu alimchora vile vile alivyomkuta: mwewe mkononi, shali begani, na nyuma yake milima ya Sarolgarh ikifuatana na kufifia, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka wa mwisho ukabaki rangi ya moshi. Na usoni, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, Lehnu aliweka kivuli. Alikiweka nukta kwa nukta, kwa brashi ya manyoya ya mkia wa kindi, kama alivyofundishwa Delhi.

Picha hiyo haikuchorwa ili ifungiwe sandukuni pamoja na picha nyingine za ikulu. Ilikuwa iende Jamrota, ng'ambo ya mto, kwa mtawala wa huko, aliyemuua baba yake Raja vitani na ambaye sasa alikuwa radhi kumtoa binti yake ili damu ikome. Jamrota walitaka kwanza waone wanamwoza nani.

Mian Ranpat, baba mdogo wa Raja, alinyoosha shingo akachungulia. Yeye hakuitaka ndoa hiyo tangu mwanzo.

"Mchoraji," alisema kwa upole, "ikulu imeishiwa maji?"

"Sijaelewa, bwana wangu."

"Nauliza tu. Naona umemtoa Raja wetu jikoni hajanawa. Au hayo masizi shavuni umempaka wewe?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu aliyemeza nzi, kwa kuwa wote walikumbuka kwa pamoja. Milimani kwetu anayepakwa masizi usoni ni mwizi au mzinzi, na baada ya kupakwa hupandishwa punda kinyumenyume akazungushwa sokoni. Kumpaka mfalme masizi, hata kwenye karatasi, halikuwa jambo lenye jina.

Raja hakucheka. Aliifunika picha, akampa mtumishi, akainuka na kuondoka. Baraza likavunjika hivyo hivyo, na hakuna aliyemwambia Lehnu aende au abaki.

Lehnu alishuka ngazi za ngome. Nyumba yao ilikuwa chini ya ngome, jirani na mafundi seremala, na habari ilikuwa imekwisha kumtangulia. Kaka yake, Gokal, alikuwa ameketi mahali pake dirishani, goti moja juu, akibandika vipande vya gamba la mbawakawa kwenye mkufu wa mungu wa kike aliyekuwa akimchora. Gamba lile la kijani liling'aa utadhani zumaridi, na katika milima yote hakuna aliyejua kulikata kama Gokal. Hakuinua kichwa.

"Wanasema umempaka Raja masizi."

"Ni kivuli, kaka."

"Kivuli kinakaa ardhini, kinamfuata mtu miguuni. Usoni kimefuata nini?"

"Mwanga ulikuwa unatoka upande mmoja. Upande wa pili..."

"Upande wa pili wa nini? Baba alitufundisha nini? Uso wa mfalme ni jua. Umewahi kuona jua likawa na upande wa giza?" Sasa aliinua kichwa, na Lehnu akaona kwamba kaka yake hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, tena kubwa. "Shamba letu ni la ikulu, Lehnu. Paa hili ni la ikulu. Unga tunaokula unatoka ikulu. Wewe umekwenda kuweka kivuli."

Ujanani Lehnu alikosana na baba yao kwa sababu ya zile rangi nyekundu za mtindo wake zilizolala bapa na macho yale makubwa kama majani ya mshubiri, akateremka mpaka Delhi kutafuta uchoraji mwingine. Aliupata kwa Ustadh Kamaruddin. Ustadh alikuwa na karatasi moja ya Wazungu, imechapwa kwa wino mweusi mtupu, mwanamke amempakata mtoto mchanga, na shavu la mtoto lilivimba kutoka kwenye karatasi kiasi kwamba ungetaka kulibana. Hapakuwa na uchawi wowote pale, palikuwa na kivuli tu. Lehnu aliisoma karatasi ile kama wengine wanavyosoma vitabu vya dini. Halafu jeshi la Iran likaingia mjini, Ustadh akauawa kizingitini pake, na Lehnu akarudi milimani kwa miguu, brashi zake zimefungwa kifuani. Gokal alimfungulia mlango, akamsogezea sahani, na mpaka leo hajamuuliza aliona nini huko.

Nihali, mke wa Lehnu, alikuwa amesimama mlangoni na mtungi, uso kaufunika kwa mtandio kama inavyompasa mke mbele ya kaka wa mumewe. Kwa adabu hiyo hiyo hakuwa anazungumza na Gokal. Alizungumza na mtungi.

"Mtungi," alisema, "waambie wenye nyumba kwamba Raja mwenyewe hajasema kitu. Waliosema ni wengine."

"Mwambie mwenye mtungi," Gokal aliuambia ukuta, "kwamba mfalme akinyamaza ndipo mtu afunge mizigo."

Siku zilipita, na ikulu ikanyamaza kweli. Unga uliokuwa ukiletwa kila mwezi mwandamo haukuletwa. Seremala wa jirani, mtu wa maneno mengi, alianza kupita upande wa pili wa njia. Lehnu hakuweza kushika brashi. Roti ya mahindi aliitafuna kama anatafuna kamba, na kila kwato iliyogonga jiwe huko nje ilimfanya aangalie mkono wake wa kulia. Kulikuwa na kisa kilichosimuliwa, hakuna ajuaye kama cha kweli, cha mchoraji wa nchi ya jirani aliyekatwa vidole na mabwana zake ili asimchoree mwingine. Alipokuwa mdogo kilimchekesha.

"Twende kwetu," Nihali alimwambia, akimsugulia kichwa mafuta uani. "Shangazi ana chumba. Utapaka rangi milango."

"Nikitoroka watamshika kaka."

"Najua. Nimesema tu nisikie linavyotoka mdomoni."

Gokal naye alikuwa na mpango wake. Alianza kumchora Raja upya kwa mtindo wa baba yao: mandhari ya manjano mtupu, uso wa upande mmoja, jicho moja kubwa lisilopepesa. Alitaka waipeleke pamoja, wapige magoti, waombe msamaha. Lehnu alikataa. Hakutoa sababu nzuri, alisema tu hawezi, na wakakaa chumba kimoja migongo imegeukiana, wakisikilizana wakisaga rangi.

Askari wa ikulu alikuja asubuhi moja wakati jua linayeyusha barafu kwenye mapaa. Hakuja na kamba. Alisema: "Mdogo mtu. Unaitwa."

"Na nani?" Gokal aliuliza, akisimama mbele ya mdogo wake bila kujua kwamba amesimama.

"Upande wa wanawake."

Hilo liliwatisha zaidi. Raja akikuita, unajua adhabu zake. Upande wa wanawake hakuna ajuaye.

Walimkalisha kwenye ukumbi mdogo mbele ya pazia la matete. Nyuma yake palitoka harufu ya sandali na kikohozi kikavu, na Lehnu akajua yuko mbele ya Rani Mama, aliyemzaa Raja, mjane ambaye tangu msiba haonekani na watu.

"Sogea. Wewe ndiye mdogo wake Gokal?"

"Ndiye mimi, Rani Mama."

"Uliyekwenda Delhi."

"Ndiyo."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Una mtoto?"

"Bado hatujajaliwa."

"Basi umejuaje?"

"Nimejua nini, Rani Mama?"

Picha ikasukumwa chini ya pazia. Uso wa Raja ukamtazama kutoka sakafuni. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu aiweke brashi chini, Lehnu aliitazama kazi yake kama mtu baki. Alikuwa ameona shavu, na mwanga, na mahali ambapo mwanga unaishia. Sasa aliona kope zilizokazwa kidogo, mdomo ulioshikwa ili usitikisike, na kile kivuli kikiwa kimevikusanya vyote hivyo na kuviweka hadharani.

"Wanaume kule barazani wameona masizi," Rani Mama alisema. "Waache waone masizi. Mimi nimemzaa. Uso huu niliuona asubuhi waliyomleta baba yake amelazwa juu ya ngao. Mwanangu alisimama mlangoni na uso huo, halafu akanawa, akatoka mbele ya watu akiwa Raja. Tangu siku ile anaamka nao kila alfajiri, na kila alfajiri anaunawa. Wewe ulimkuta kabla hajanawa."

"Sikukusudia. Nilichora nilichokiona."

"Najua. Ndiyo maana umekuja kwa miguu yako na utarudi kwa miguu yako." Kikohozi kilimshika, akakiacha kipite. "Yule wa Jamrota ni mtu mzima, amezika maadui wengi. Akiuona uso huu hataleta binti. Ataleta jeshi. Ufute."

"Picha yote?"

"Uso. Milima iache, ni mizuri. Mjumbe ataondoka njia ya mlimani ikifunguka tu. Na haya niliyokwambia yasitoke mdomoni mwako. Si kwa kaka yako, si kwa mkeo. Wakikuuliza, sema ulimpaka masizi ukaamriwa uyafute."

"Ndiyo, Rani Mama."

"Mchoraji." Lehnu alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume, akasimama. "Nisingekuwa na lazima, nisingeufuta."

Gokal alikuwa akimngoja njiani, nusu ya ngazi, hana hata kilemba. Alimshika mdogo wake mikono yote miwili, akaigeuza juu chini kama mtu anayenunua figili, akahesabu vidole kwa macho.

"Wamesemaje?"

"Niufute uso."

"Kwa sababu ya masizi."

Lehnu alivuta mikono yake. "Kwa sababu ya masizi," alisema.

"Nilikwambia," alisema Gokal. Aliyasema tena jioni wakila, na tena kesho yake alipokutana na seremala, ambaye sasa alikuwa amerudi upande wao wa njia. Gokal hakuwa na nia mbaya, alikuwa ameponea chupuchupu na furaha ilimtoka kwa njia hiyo. Lehnu aliyameza yote. Kumeza kulikuwa kuchungu zaidi ya mwarobaini, maana kazi bora aliyowahi kuifanya ilikuwa inaitwa uchafu ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa anaitikia.

Kuufuta kwenyewe ndiko kulikomshinda. Alianza kwenye karatasi chakavu, akitafuta uso mwingine wa Raja, usio na kivuli, wa kuuweka pale. Alichora mstari mmoja safi, kutoka kipaji cha uso hadi kidevu, kama alivyofundishwa na baba yake utotoni. Raja akatoka anaogopa. Akachora tena, akalifanya jicho kubwa, akaliinua pembe. Raja akaogopa kwa jicho kubwa. Ustadh Kamaruddin alimfundisha kuona, lakini aliuawa kabla hajamfundisha kuacha kuona, kama hilo linafundishika. Huko nje theluji ilikuwa inateleza kutoka kwenye mapaa, maji yanasikika chini yake, na kila sauti ya maji ilimwambia njia inafunguka.

Mwishowe aliubeba ubao wenye picha, akauweka mbele ya kaka yake.

"Kaka, uso huu umenishinda. Uweke wewe."

Kwa kitambo kidogo uso wa Gokal ulijaa kitu ambacho amekingoja miaka mingi. Alifuta mikono, akaupeleka ubao dirishani. Alikuwa hajaiona picha ile. Wakati wote Lehnu alipokuwa akiichora alikataa kuitazama, na baadaye haikuwapo. Sasa aliishika kwenye mwanga, akaitazama, akaisogeza karibu. Aliishikilia hivyo mpaka Nihali, aliyekuwa akichambua dengu uani, akaacha kuchambua.

"Huyu mtoto anaogopa," Gokal alisema polepole.

Lehnu alitazama sakafu.

"Ndilo uliloitiwa. Si masizi."

Lehnu aliendelea kutazama sakafu.

"Haya. Sijauliza." Gokal aliuweka ubao chini kwa uangalifu, kama chombo kilichojaa. "Baba angekuchapa kwa hii," alisema. "Halafu angeificha chini ya godoro, awe anaichungulia peke yake." Kisha akamwita mtungi, yaani Nihali, alete maji safi, akaanza kusaga rangi nyeupe ya kufunikia uso.

Lehnu alitoka nje. Alisikia jiwe likizunguka juu ya jiwe, akajua kiasi cha gundi kinachotiwa kwa mlio wake, na aliporudi shavu halikuwapo tena. Palikuwa na doa jeupe lenye umbo la kichwa, limekaa juu ya shali yenye mikunjo laini, mbele ya milima. Hakuweza kuliangalia. Nihali alikuja akasimama karibu naye, mabega yakigusana, na hakusema na mtungi wala na mtu.

Gokal alifanya kazi siku hiyo na iliyofuata. Alimchora Raja kwa upande, ngozi bapa ya rangi ya asali, jicho refu jeupe lisilomtafuta mtu yeyote. Na kwenye hereni, kwa kuwa hakuweza kujizuia, alibandika kipande cha gamba la mbawakawa.

Ndugu wale wawili waliitazama. Haikuwa ya Delhi wala ya milimani. Uso ulikuwa umewaka mbele ya nchi yenye ukungu, kama kitu kilichotoka ulimwengu mwingine kikaja kusimama kwenye ulimwengu huu wenye umbali na hali ya hewa.

"Imekaa vibaya?" Gokal aliuliza.

"Sijui, kaka. Sijawahi kuona."

Ilikuwa ingali mbichi Mian Ranpat alipoingia bila kubisha, viatu miguuni, mlinzi wake amebaki mlangoni.

"Nasikia mmemnawisha," alisema. Aliinama juu ya picha. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu anayedhihaki. "Hapa chini pana nini?"

"Chini ya wapi, bwana wangu?" Lehnu aliuliza.

"Hapa shavuni. Naona pameinuka kidogo. Yale masizi ya kwanza yangalipo?" Akanyoosha kidole gumba, akakilamba kidogo, akakipeleka.

"Bwana wangu," Gokal alisema kwa utulivu, "rangi haijakauka. Ukigusa, shavu la Raja litabaki kidoleni kwako, nasi itatubidi tuseme limekwendaje huko."

Kidole kilisimama hewani. Mian Ranpat alimtazama Gokal, akatabasamu, akakifutia kwenye kanzu yake. "Wachoraji mmekuwa na maneno," alisema, akaondoka. Gokal aliketi pale alipokuwa amesimama, kama gunia lililokatwa kamba.

Lakini swali lile lilibaki na Lehnu. Pale chini uso wa kwanza ulikuwepo kweli. Hakuwa ameuosha kabla haujafunikwa, wala Gokal hakuuosha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuosha. Ulilazwa tu chini ya nyeupe, na nyeupe ni nyeupe, ikipata unyevu hupasuka na kubanduka. Mjumbe alipoondoka, picha imefungwa kwa hariri na nta kifuani mwake, mvua ya mawe ilikuwa inapiga. Lehnu alisimama juu ya paa akawatazama farasi mpaka walipomezwa na bonde. Njia ya Jamrota inavuka vijito, inapita chini ya maporomoko ya maji, na kwenye korongo ukungu haukauki mwaka mzima. Aliona, kana kwamba yuko kule, Raja wa Jamrota akifungua hariri, na kipande chembamba cha rangi ya asali kikidondoka mapajani mwake, na kutoka chini yake jicho la kijana aliyeogopa.

Aliishi na picha hiyo kichwani kwa wiki nyingi. Kila wingu lilimhusu. Mara alimuuliza Gokal, "Gundi ulitia ya kutosha?" na Gokal akamjibu ndiyo. Alimuuliza tena wakati wa kula.

"Lehnu. Uliza kitu kingine. Uliza hata nimeota nini."

"Umeota nini?"

"Mvua," alisema Gokal.

Mjumbe alirudi maua ya mlozi yakiwa yamekwisha pukutika. Alirudi na zafarani, shali nyekundu, na jibu: binti ataletwa. Pia alirudi na maneno, aliyoyasimulia sokoni kwa yeyote aliyemnunulia maziwa. Raja wa Jamrota aliiangalia ile picha kwa muda, akasema kijana ana jicho la mtu asiyetikisika. Kisha akainyooshea kidole milima, mmoja nyuma ya mwingine, akawauliza washauri wake: "Hii yote ni nchi yake? Mbona sikujua kwamba ni kubwa hivi?"

Watu wa Sarolgarh walicheka mpaka wakashika mbavu, maana nchi yetu ni ndogo kiasi kwamba ukimkemea mbwa upande mmoja, wa mpakani anajikunyata. Gokal alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akaendelea kutoa machozi hata kicheko kilipokwisha. Lehnu alimpigapiga mgongoni. Yeye mwenyewe hakucheka, ila usiku huo alilala mpaka jua likamkuta kitandani.

Ndoa ilifungwa. Baada ya hapo ikulu ikataka picha zote ziwe namna ile: nyuso za Gokal, milima ya Lehnu. Ndugu wakawa wanafanya kazi kwenye karatasi moja, mmoja akiacha mwingine anaendelea. Wengine wakaanza kuiga, kwanza Jamrota, kisha kwingine, na leo wapo wanaosema Sarolgarh ilichora hivyo tangu zamani za zamani. Waliuita mtindo. Lehnu alijua kwamba ulikuwa ni woga wa watu wanne, Raja na mama yake, yeye na kaka yake, juu ya kipande cha karatasi, lakini hilo hakumwambia mtu, na mkono nao ukazoea.

Kisha, katikati ya mwezi wa Jeth, mawe ya ua yanapochoma nyayo na hata kunguru hutembea mdomo wazi, Raja alimwita kwenye roshani ya mashariki, mapema asubuhi. Hakukuwa na mtumishi. Karatasi ilikuwa tayari imewekwa juu ya ubao.

"Kaa," Raja alisema.

Lehnu aliketi.

"Mama anadhani sijui alichokufanyisha. Ile siku barazani nilitaka kuichana. Nilishindwa, nikampelekea yeye." Raja alikuwa akitazama bondeni. "Nilikuwa naonekana vile?"

Lehnu angeweza kusema la. Angesema hivyo, angeinuka na kushuka ngazi akiwa mzima. "Ulikuwa unaonekana vile, Maharaja."

"Na sasa?"

Ili kujibu ilimlazimu amtazame. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka upande mmoja. Aliona kope, mdomo, taya, na akaona kwamba kuna kilichopungua na kuna kilichoongezeka.

"Sasa siwezi kusema kwa maneno."

"Ndiyo maana karatasi iko hapo. Hii haiendi popote. Hataiona baba mdogo, hataiona mama. Nichore kabla sijanawa."

Lehnu alichovya brashi. Ncha yake ilicheza juu ya karatasi kama unyoya kwenye upepo, na hakuna upepo uliokuwapo.

"Unatetemeka," Raja alisema.

"Ni baridi, Maharaja."

Raja aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imeshikana magotini. "Hata mimi naisikia," alisema, na akageuza shavu lake kidogo kuelekea kwenye mwanga, mpaka upande wa pili ukaingia kivulini.

Lehnu alisubiri mkono utulie. Haukutulia sana. Akaanza hivyo hivyo, chini ya jicho.